Tufe la plastiki lenye kiini kwa njia kavu: tafuta ugonjwa kabla ya dawa

Wachezaji wa bolingi wanaocheza kwenye kumbi ambazo mafuta ya njia (yanayopakwa kwenye sakafu ndefu ambapo tufe hupita) yamekwisha, au hayakupakwa ya kutosha tangu mwanzo, huuliza sana swali hili: je, kuna tufe la plastiki ambalo ndani lina kiini halisi cha uzito? Wanachokitaka kinaeleweka. Tufe la resini, yaani lenye gamba linaloshika njia kwa nguvu, likitua kwenye njia kavu linaishika mara moja, linakata kona kabla ya wakati na kuvuka hadi upande wa pili wa pini ya kwanza. La plastiki linapita bila shida, lakini likifika kwenye pini linayumbishwa na kuacha mbili tatu zimesimama. Ndipo mtu anapowaza kwamba gamba la plastiki likiwekewa kiini chenye nguvu ndani, atapata vyote viwili kwa pamoja.

Matufe ya namna hiyo yametengenezwa, na ukivumilia utalipata. Mimi ninalo moja, nililinunua likiwa limetumika, na bado linakaa kwenye begi langu kila Alhamisi ya ligi hapa Ohio. Lakini nimeona wenzangu wakilisaka kwa miezi, wakalipata, wakalipa pesa ya kulitoboa matundu ya vidole, kisha tatizo likabaki pale pale kwa sababu halikuwa la tufe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, yaani kile unachokiona kwa macho tufe likienda, halafu unarudi nyuma hadi kwenye chanzo.

Naandika kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande. Ninaposema "mwanya" nina maana ya nafasi kati ya pini ya 1 na ya 3, pale straiki, yaani pini zote kuanguka kwa mtupo mmoja, inapotafutwa.

Je, njia ni kavu kweli?

Usiruke hatua hii. Kutoka mstari wa faulu, ule usioruhusiwa kuuvuka unaporusha, hadi pini ya kwanza ni futi 60, sawa na mita 18.29, na upana wa njia umegawanyika katika mbao 39. Mashine hupaka mafuta kuanzia mbele. Kwenye kumbi nyingi hufika futi 40 hivi, na zile 20 za mwisho huachwa kavu ili tufe lipate pa kukatia kona. Mafuta yote ya njia moja mara nyingi hayazidi mililita 25, yaani vijiko vitano vya chai, na mengi yanakuwa katikati kuliko pembeni. Kila tufe linalopita linaondoka na kidogo. Ukumbi ukipakwa mchana, ukachezewa na watoto wa sherehe ya kuzaliwa, kisha ligi ikaingia jioni, unachokichezea hakifanani na kilichopakwa.

Watu husema "njia imekauka" wakiwa na maana ya mambo matatu tofauti. Pengine ni sehemu ya mbele, zile futi 15 za mwanzo ambako matufe yote hutua, ndiyo imechakaa. Pengine ni pembeni tu kulikokauka na katikati bado kuna mafuta. Au njia nzima ni kavu, kama inavyokuwa kwenye kumbi za burudani ambako mashine haifanyi kazi kila siku.

Kuna njia rahisi ya kujua. Chukua tufe la plastiki la kawaida, hata la ukumbi kama vidole vinaingia vizuri, ulirushe kwa mkono ule ule na mwendo ule ule juu ya ubao wa 5 kutoka kulia, kisha wa 10, wa 15 na wa 20. Likikata kona kwenye wa 5 na likaenda moja kwa moja kwenye wa 15 na wa 20, njia yako ni kavu pembeni tu. Sogeza miguu kushoto ucheze kwenye mafuta na matufe uliyo nayo, hakuna haja ya kununua kitu. Likikata kona kote, hata kwenye wa 20, hapo ndipo mazungumzo ya tufe la plastiki lenye kiini yanapoanza kuwa na maana. Jaribu kwa plastiki na si kwa resini, kwa sababu resini itakata kona karibu popote na haitakuambia chochote.

Tufe linakata kona mapema na kuvuka upande wa kushoto

Hii ndiyo dalili inayowapeleka watu wengi dukani, na vyanzo vyake ni vingi kuliko vinavyodhaniwa.

Cha kwanza ni mwendo. Tufe linalokwenda taratibu linakaa muda mrefu juu ya njia, na msuguano unapata nafasi ya kuligeuza. Mpe mwenzako simu apime sekunde tangu tufe liguse njia hadi lipige pini. Sekunde 2 na nusu ni kama maili 16 kwa saa, mwendo wa kawaida kwa mchezaji wa ligi. Sekunde 3 ni chini ya maili 14, na kwa mwendo huo hata njia yenye mafuta itaonekana kavu. Usijaribu kuongeza mwendo kwa kutumia bega, maana tufe litaenda kombo. Inua tufe juu kidogo unapoanza hatua zako, uzito wake wenyewe ukuletee mwendo.

Cha pili ni uso wa tufe. Tufe la resini lililosuguliwa kwa msasa wa 500 au 1000 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi) lina mikwaruzo inayoshika njia kama tairi jipya. Kabla ya kununua jingine, lipeleke kwa fundi alisugue hadi 4000 na kulipaka polishi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na tufe jipya. Utafiti wa mwendo wa tufe uliofanywa na USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, katika miaka ya 2000 uliuweka ukali wa uso miongoni mwa mambo yenye nguvu zaidi katika kuamua tufe litaendaje, mbele ya mambo mengi ya kiini. Nasisitiza hili kwa sababu matangazo ya matufe huonyesha picha ya kiini kilichokatwa katikati, chenye rangi na pembe za kuvutia, na mnunuzi anaamini nguvu yote imo humo. Kinachogusa njia ni gamba.

Cha tatu ni pale unaposimama. Ukisogeza miguu mbao 2 kushoto na shabaha yako ubao 1 kushoto, umebadilisha njia bila kubadilisha mtupo. Fanya hivyo mara tatu au nne. Ikiwa umeshafika mahali ambapo unarusha juu ya mshale wa nne, ule wa katikati kati ya mishale iliyochorwa kwenye njia, na bado tufe linavuka, basi umemaliza uwanja. Hapo tufe la resini halina kazi tena usiku huo.

Tufe linafika kwenye mwanya lakini halina nguvu

Dalili hii ndiyo yenye utajiri zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Umelenga vizuri, tufe limeingia kwenye mwanya, lakini pini ya 10, ile ya kona ya nyuma kulia, imebaki na ile ya 6 imelala tu kwenye mtaro bila kuigusa. Au mbaya zaidi, pini ya 5, iliyo katikati kabisa, imesimama.

Kila tufe linapitia hatua tatu: kuteleza, kukata kona, kisha kubingirika. Linapoteleza linatunza nguvu. Linapokata kona linaitumia. Likishaanza kubingirika limemaliza kugeuka na linaenda moja kwa moja. Linatakiwa lipige pini likiwa ndiyo kwanza limeanza kubingirika. Kwenye njia kavu tufe la resini linaanza kukata kona futi 20, linamaliza futi 40, na kuanzia hapo linajiendea tu. Kwa macho linaonekana limefika vizuri. Pini zenyewe, ambazo kila moja ina uzito wa kilo 1.5 na kitu, zinalisukuma kando badala ya kusukumwa.

Tufe la plastiki lisilokata kona kabisa linaleta dalili inayofanana na hii, lakini chanzo ni kingine. Hapa kuna hesabu kidogo inayofaa kujua. Ili straiki ipatikane kwa uhakika, tufe linapaswa kuingia kwenye mwanya kwa pembe ya nyuzi 4 hadi 6. Ukirusha tufe moja kwa moja bila kona, hata ukiwa kwenye ukingo wa kulia wa njia, upana wa njia haukuruhusu kuzidi nyuzi 2. Futi 60 ni mbali na mbao 39 ni chache. Kwa hiyo anayelalamika kwamba plastiki yake "haina nguvu" mara nyingi tufe lake lina nguvu ya kutosha. Kinachokosekana ni pembe.

Utatofautishaje? Simama nyuma ya mwenzako akirusha, usiangalie pini, angalia tufe kati ya futi 40 na 60. Likinyooka ghafla baada ya kona kubwa, limechoka: unahitaji gamba linaloteleza zaidi, na RG kubwa zaidi, yaani kipimo cha jinsi uzito ulivyokaa ndani ya tufe, jambo nitakalolieleza. Kama halikukata kona tangu mwanzo hadi mwisho, limekosa pembe: unahitaji kulizungusha zaidi unapoliachia, mkono ulio sahihi, au kiini. Huyu wa pili ndiye mtu wa tufe la plastiki lenye kiini. Yule wa kwanza anaweza kuponywa na plastiki yoyote.

Plastiki yangu inaenda moja kwa moja, hata kwenye njia kavu

Kabla ya kulaumu kiini, angalia matundu. Wengi wetu plastiki tunayoijua ni ile ya ukumbi, iliyotobolewa ili vidole vya kila mtu viingie hadi kiungo cha pili. Tufe la namna hiyo linakaa mkononi kama ndoo: unalibeba, halikupi nafasi ya kulizungusha. Plastiki ile ile ikitobolewa kwa vipimo vya mkono wako, vidole viwili viingie hadi kiungo cha kwanza tu na dole gumba litoke mapema, inabadilika kabisa. Nimeona mtu akitoka kusema "plastiki haikati kona" hadi kuhama mbao 8 kushoto katika jioni moja, kwa sababu tu ya matundu. Hii ndiyo pesa ya kwanza ningemshauri mtu aitumie: tufe la plastiki la kawaida, jipya, lililotobolewa na fundi anayejua kupima mkono.

Chanzo kingine ni mafuta yaliyosukumwa kuelekea pini. Gamba la plastiki halinyonyi mafuta kama la resini. Linayabeba juu na kuyapaka kule mwisho kwenye sehemu iliyokuwa kavu. Kundi la watu likicheza na matufe ya plastiki saa mbili, futi 20 za mwisho zinapata ukungu wa mafuta, na tufe lako linateleza pale pale lilipokuwa linakata kona. Futa tufe kwa kitambaa laini kila baada ya mtupo. Ukiona tufe lako linarudi kutoka mashineni na utando wa mafuta hata kwenye njia unayoiita kavu, jibu unalo.

Ukishaondoa hayo, ndipo tuje kwenye kiini.

"Muuzaji aliniambia lina uzito ndani"

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, nami nitakaa kidogo.

Karibu kila tufe la plastiki lina kipande cha uzito ndani. Ukitoboa matundu matatu upande mmoja wa tufe unaondoa uzito, na tufe lingeegemea upande mwingine. Ili kufidia, watengenezaji huweka kipande bapa kizito chini ya nembo, chenye umbo la chapati nene. Chapati hiyo kazi yake ni kusawazisha, haibadilishi namna tufe linavyozunguka kwa kiasi cha kuonekana. White Dot ya Columbia 300 na T-Zone ya Brunswick ni za jamii hiyo: matufe mazuri, ya bei nafuu, yanayofaa kupiga speya, yaani pini zilizobaki baada ya mtupo wa kwanza, kwa sababu yanakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo muuzaji akisema "lina uzito ndani" hasemi uongo, ila hajajibu swali lako.

Kiini chenye umbo ni kitu kingine. Kinakaa katikati ya tufe, kimesimama kama balbu au pipa, na kinafanya tufe liwe na upande linaopenda kuzungukia na upande lisioupenda. Utakitambua kwa namba mbili.

Ya kwanza ni RG. Fikiria pia, ile wanayochezea watoto. Iliyochongwa nyembamba, uzito wote uko karibu na msumari, inaanza kuzunguka kwa kamba fupi tu. Iliyo pana, uzito umekaa ukingoni, inakuwa nzito kuianzisha. RG inasema jambo hilo hilo kuhusu tufe: uzito uko karibu na kitovu au umesogea kwenye gamba. USBC inaruhusu kuanzia inchi 2.46 hadi 2.80. Tufe lenye RG ndogo huanza kuzunguka na kukata kona mapema. Lenye RG kubwa huchelewa. Kwenye njia kavu unataka lichelewe.

Ya pili ni tofauti kati ya RG ya mhimili mmoja (mstari ambao tufe linauzunguka) na mwingine ndani ya tufe lile lile. Kikomo ni inchi 0.060. Tofauti ikiwa kubwa, mhimili wa mzunguko unahama tufe likiwa njiani, na kila mzunguko unaleta sehemu mpya ya gamba chini. Ikiwa karibu na sifuri, tufe linazungukia mstari ule ule hadi mwisho. Tufe lenye chapati kwa kawaida halifiki 0.015. Ukiona plastiki yenye 0.020 au zaidi, umepata kiini chenye umbo.

Kwa njia iliyokauka kote, mimi hutafuta plastiki yenye RG ya 2.55 kwenda juu na tofauti kati ya 0.020 na 0.035. Zaidi ya hapo kwenye njia kavu kiini kinaanza kukugeuka, hasa kama una mizunguko mingi mkononi. Tena plastiki haitakuwa resini kwa sababu ya kiini. Gamba ni gumu na laini, na kiini hakiwezi kulipatia mshiko lisio nao. Kinachofanya mchanganyiko huu ufanye kazi ni ukavu wenyewe wa njia: njia inatoa mshiko, gamba linachelewesha, na kiini kinahakikisha kwamba pale mshiko unapopatikana, futi 45 hivi, tufe linageuka kwa uamuzi badala ya kusitasita. Kwenye mafuta tufe hilo hilo litakwenda moja kwa moja kama lile la chapati. Nimelijaribu, na halina faida yoyote huko.

Huoni namba popote? Tafuta kitone kidogo cha rangi kwenye gamba. Matufe yenye kiini chenye umbo huwa nacho, kikionyesha sehemu ya juu ya kiini, na mara nyingi kiko mbali kidogo na alama ya kitovu cha uzito. Plastiki nyingi za chapati hazina kitone, zina nembo tu. Kisha hakikisha kwenye orodha ya USBC ya matufe yaliyoidhinishwa. Jina la tufe ukilipata humo, namba ni rahisi kuzipata kwa mtengenezaji.

Kununua lililotumika

Kwa kuwa matufe haya mengi hayatengenezwi tena, huenda utanunua la mtu. Mambo machache yanaweza kukuharibia.

Hesabu matundu. Zamani mafundi walitoboa tundu la ziada, lisiloingia kidole, kurekebisha mizani au kuongeza nguvu ya kiini. Tangu tarehe 1 Agosti 2020 USBC hairuhusu tundu hilo kwenye mashindano yake, na kila tundu lazima litumike kushikia tufe. Tufe la miaka ya nyuma lenye tundu la ziada utalazimika kulizibisha. Fundi akiliziba na kulitoboa upya si kosa, lakini ongeza gharama hiyo kwenye bei kabla ya kukubali.

Pitisha ukucha kati ya matundu ya vidole viwili, kwenye ule ukuta mwembamba. Ufa huanzia hapo. Plastiki ni ngumu, lakini gamba na kiini hutanuka na kunywea tofauti, na tufe lililolala kwenye buti la gari majira ya joto kali au baridi kali linaweza kupasuka bila kupigwa. La kwangu la kwanza nililirudisha mara moja kwa aliyeniuzia, nikasubiri jingine, kwa ufa uliokuwa mfupi kuliko punje ya mchele.

Na kama mtu atakuambia tufe "limelainishwa" ili likate kona, acha. Jambo hilo lina historia: mwaka 1973 Don McCune alilowesha matufe yake ya plastiki kwenye kemikali iitwayo MEK ili gamba liwe laini na lishike njia, akashinda mashindano 6 ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, mwaka huo na kuwa mchezaji bora wa mwaka. Baada yake vyama vikaweka kipimo cha chini cha ugumu wa gamba, na kulainisha kwa kemikali ni marufuku. Zaidi ya marufuku, MEK inashika moto upesi na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Usiijaribu nyumbani kwa sababu yoyote.

Nimepata tufe sahihi, bado halifanyi nilichotarajia

Uliza limetobolewaje. Kiini kina mwelekeo, na fundi ndiye anayeamua kitone kikae umbali gani kutoka kwenye ncha ya mhimili wa mkono wako, yaani pale juu ya gamba ambapo mstari unaouzungukia tufe ukiliachia unatokea. Kikikaa inchi 3 na tatu ya nane, mhimili unahama kwa kiasi kikubwa kuliko vyote. Kikikaa juu ya ncha yenyewe, au mbali nayo inchi 6 na robo tatu, mhimili karibu hauhami, na umelipia kiini usichokitumia. Kwa plastiki ya njia kavu napendelea inchi 4 hadi 4 na nusu. Fundi akikutobolea bila kupima ncha ya mhimili wako, yaani bila hata kukuangalia ukirusha, mwombe apime.

Ukisikia tufe likilia "tak, tak, tak" likienda, linabingirika juu ya tundu. Hapo linapoteza mwelekeo kila mzunguko, na dawa yake ni kuziba na kutoboa upya, hakuna nyingine.

Likikata kona kupita kiasi, yaani plastiki yenyewe inavuka kushoto, wewe una mizunguko mingi. Wanaorusha kwa mikono miwili hukutana na hili mara nyingi. Kwenu kiini ni mzigo. Rudini kwenye chapati, ipakwe polishi, na mtupo uwe mnyoofu zaidi.

Nikikosa kabisa?

Watu wengi hukimbilia tufe lenye gamba la yurethani wakidhani ni hatua ya katikati kati ya plastiki na resini. Kwenye njia kavu hiyo ni hatari. Yurethani isiyo na polishi inaanza kushika mapema na kwa ukarimu, ikifika mwisho imechoka. Ikiwa lazima, iwe na polishi.

Jirani wa karibu zaidi ni tufe la resini la bei ya chini, lile la lulu (gamba lake limechanganywa na unga unaong'aa), linalopakwa polishi tangu kiwandani, lenye RG kubwa na tofauti ndogo. Makampuni mengi makubwa yanalo moja kwenye orodha yao kwa wanaoanza. Kwa njia kavu ya wastani linatosha, na linapatikana leo. Kwa njia iliyokauka kama sakafu, litakata kona mapema bado, na hapo plastiki yako iliyotobolewa vizuri italishinda hata bila kiini.

Kwa walioko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ambako kumbi ni chache na fundi wa kutoboa ni shida kumpata, pima mkono wako unapokuwa safarini na utobolewe huko huko. Tufe la pauni 15 lina kilo 6.8, kwenye begi la kilo 23 linaingia moja kwa raha na viatu vyako juu. Lifunge kwa taulo nene, na libaki ndani ya begi saa kadhaa baada ya kufika ili joto lake lilingane na la mahali.

Jioni ya kwanza nalo, usihesabu pini. Rusha mara tatu juu ya mshale wa pili, kisha geuza tufe uangalie mistari ya mafuta iliyobaki juu yake, hata ikiwa hafifu. Ikikaa yote juu ya mstari mmoja, mhimili hauhami na kiini hakifanyi kazi. Rudi kwa fundi na swali la kitone. Ikifunguka kama feni, ikikutana sehemu mbili na kuachana katikati, kiini kimeamka. Chora mistari hiyo kwa kalamu ya nta kabla hujaifuta, umwonyeshe fundi atakapokutobolea lingine.